Kufukuza na Kufukuzwa

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa 3:21–24, Amu 11:1–11, Mk 1:12, 13, Mt 9:36–10:1, Yn 9:18–10:5, 3 Yoh 9–12, 2 Kor 2:5–8, Yn 12:31, 32.

Fungu la Kukariri: Yohana 6:37. Lisome katika Biblia yako mara tatu kwa sauti, kisha likariri pamoja na familia. Zingatia ahadi ambayo Yesu anampa kila mtu anayemjia.

Wahenga walisema, akufukuzaye hakwambii toka. Mgeni huona mwenyewe. Salamu zimepungua, chakula kinachelewa, mazungumzo yanakatika kila anapoingia. Hakuna aliyemwambia aondoke, lakini ujumbe umefika.

Agano Jipya lina kitenzi kimoja cha Kigiriki kinachobeba jambo hili: ekballo. Kimeundwa na maneno mawili, ek, yaani "kutoka ndani", na ballo, yaani "kutupa". Kinaonekana mara 81 katika Agano Jipya. Msomaji wa Kiswahili hakioni kwa urahisi, kwa sababu watafsiri walikigawa kulingana na habari inayosimuliwa: mahali pengine ni kutoa, pengine kutupa nje, pengine kufukuza, pengine kupeleka. Watafsiri wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 nao walilazimika kutumia maneno mbalimbali kwa kitenzi hicho kimoja.

Juma hili tutakifuata kitenzi hiki, pamoja na ndugu yake wa Kiebrania, kuanzia lango la Edeni hadi mlango wa kanisa. Kila mahali tutauliza maswali matatu: Nani anafukuza? Nani anafukuzwa? Na ni kwa kusudi gani?

JUMAPILI
Lango la Bustani

Soma Mwanzo 3:8–24. Mungu alifanya mambo gani kabla ya kuwatoa Adamu na Hawa bustanini? Mpangilio wa matukio hayo unatufundisha nini juu ya tabia yake?

Hapa ndipo kufukuza kunapotajwa kwa mara ya kwanza katika Maandiko. Musa anatumia vitenzi viwili vya Kiebrania. Katika fungu la 23 ni shalach, neno la kumtuma mtu au kumwacha aende. Katika fungu la 24 ni garash, neno kali zaidi, neno la kufukuza hasa. Wayahudi waliotafsiri vitabu vya Musa kwa Kigiriki kabla ya kuzaliwa kwa Kristo waliliweka hapa neno ekballo. Kwa hiyo kitenzi tunachokifuata kina historia ndefu, na mfukuzaji wa kwanza ni Mungu mwenyewe.

Je, jambo hili litutishe? Tazama sababu. Fungu la 22 linaeleza kwamba mwanadamu aliyeanguka hakupaswa kunyoosha mkono, kula tunda la mti wa uzima, na kuishi milele katika hali ile. Mwenye dhambi asiyekufa ni dhambi isiyokufa. Kumfungia mwanadamu njia ya mti ule kulikuwa hukumu, na ndani ya hukumu hiyo mlikuwa na rehema.

Tazama pia mpangilio. Kwanza Mungu aliwatafuta na kuwauliza (fungu la 9). Akawasikiliza, hata walipolaumiana. Akatoa ahadi ya Mzao atakayemponda nyoka (fungu la 15). Akawavika mavazi ya ngozi (fungu la 21), na ngozi haipatikani bila mnyama kufa. Ndipo akafukuza. Kutafuta, kusikiliza, kuahidi, kuvika: mambo hayo yote yalitangulia. Sisi mara nyingi huanza na lile la mwisho, na tukishalifanya hatuyakumbuki yaliyopaswa kulitangulia.

Hata Kaini, aliyelalamika kwa neno lilelile kwamba amefukuzwa (Mwa 4:14), alipewa alama ili asiuawe na kila amwonaye. Mungu hakuita uovu wake wema. Lakini hakumwacha bila ulinzi.

Ufunuo 22:14 unaonyesha mwisho wa habari hii. Malango yako wazi, na mti wa uzima unafikiwa tena. Aliyefukuza ndiye aliyelipa gharama ya kuwarudisha.

Unapomwadhibu mtoto au kumwonya ndugu, ni lipi kati ya yale yaliyotangulia katika Mwanzo 3 ambalo wewe hulisahau zaidi?

JUMATATU
Aliyefukuzwa na Ndugu Zake

Soma Waamuzi 11:1–11. Yeftha alifukuzwa kwa sababu gani? Kwa nini aliwalaumu wazee wa Gileadi kwa jambo lililofanywa na ndugu zake?

Yeftha alikuwa shujaa, lakini mama yake alikuwa kahaba. Watoto wa mke wa ndoa walipokua, walimfukuza ili asirithi pamoja nao katika nyumba ya baba yao. Kitenzi ni garash, kilekile cha Edeni. Lakini hapa hakuna aliyeuliza wala kusikiliza, na hakuna vazi lililotolewa. Kijana aliadhibiwa kwa kosa ambalo hakulitenda. Sababu iliyotajwa ni uzazi wake. Kilichopiganiwa ni urithi. Mara nyingi mambo hayo mawili hutembea pamoja: watu husema juu ya heshima ya ukoo, kumbe macho yako kwenye shamba.

Yeftha alikimbilia nchi ya Tobu, akazungukwa na watu wasio na mbele wala nyuma. Hilo lisitushangaze. Aliyetolewa mezani nyumbani atakula na yeyote atakayemkaribisha. Kisha nyumbani hulaumu marafiki wake wapya.

Waamoni walipoleta vita, wazee wa Gileadi walimwendea. Angalia swali lake katika fungu la 7. Anawaambia wazee kwamba ni wao waliomchukia na kumfukuza. Katika fungu la 2 waliofukuza ni ndugu zake. Wazee walikuwa wapi siku ile? Andiko halisemi kwamba walifanya lolote, na pengine hilo ndilo kosa lao. Wazee hawakubisha. Walikaa langoni, wenye mamlaka ya kuamua, na kijana akaondoka mbele ya macho yao. Katika hesabu ya Yeftha, aliyenyamaza aliwekwa kundi moja na aliyefukuza.

Waebrania 11:32 unamtaja Yeftha miongoni mwa watu wa imani. Ndugu zake hawakuandikwa hata majina.

Vivyo hivyo Hajiri. Sara alitaka afukuzwe pamoja na mwanawe (Mwa 21:10), na Ibrahimu akamwondoa na mkate na kiriba cha maji. Maji yakaisha katika nyika ya Beer-sheba. Lakini Mungu akaisikia sauti ya kijana pale alipo. Jina Ishmaeli maana yake ni "Mungu husikia", na nyikani jina hilo lilithibitika kuwa kweli.

Je, yupo mtu katika ukoo wako au kanisani kwako aliyeondolewa wakati wewe ukiwa umenyamaza? Kunyamaza kwako kulimwambia nini?

JUMANNE
Roho Anaposukuma

Soma Marko 1:9–13 na Mathayo 9:36–10:1. Ni nani anayetoa au kupeleka katika mafungu haya, na anampeleka nani?

Mathayo na Luka wanasema kwamba Yesu aliongozwa na Roho kwenda nyikani. Marko anatumia neno zito zaidi. Anasema Roho alimtoa, na neno lake ni ekballo, lilelile analolitumia kwa kutoa pepo. Yesu alikuwa ametoka majini dakika chache tu zilizopita, na sauti kutoka mbinguni ilikuwa imemkiri kuwa Mwana mpendwa. Mara akasukumwa nyikani, siku arobaini, pamoja na wanyama wa mwitu.

Je, alikuwa amekataliwa? La. Malaika walimhudumia huko. Alisukumwa kuelekea kazi aliyoijia, wala hakusukumwa mbali na uso wa Baba.

Mathayo 9:38 linatumia kitenzi hichohicho. Yesu aliwaona makutano kama kondoo wasio na mchungaji, akawaambia wanafunzi wamwombe Bwana wa mavuno awatoe watenda kazi waende shambani. Neno hilo lina nguvu ya kusukuma, kwa maana watenda kazi wengi hupenda kivuli. Kisha fungu linalofuata, Mathayo 10:1, linasema Yesu aliwapa wanafunzi amri ya kutoa pepo, na hapo tena ni ekballo. Bwana huwatoa watu wake nyumbani ili waende wakautoe uovu ndani ya wengine.

Kitenzi hiki kina hata sura ya upole. Msamaria mwema alipotoa dinari mbili kumpa mwenye nyumba ya wageni (Lk 10:35), Luka aliandika ekballo. Mwenye nyumba anayetoa katika hazina yake vitu vipya na vya kale (Mt 13:52) anatajwa kwa neno hilohilo. Kwa hiyo neno lenyewe halina ubaya. Kinachopima ni mkono unaolitenda na moyo ulio nyuma ya mkono huo. Mzazi anayempeleka mtoto shule ya bweni humwacha mtoto akilia getini, naye hulia njiani. Anayemfukuza mtoto hatazami nyuma.

Hata hivyo, somo hili litumike kwa uangalifu. Si kila anayesukumwa nje amesukumwa na Roho. Tusimwambie aliyeonewa kwamba uonevu huo ulikuwa mpango wa Mungu, ili tu sisi tusitubu.

Unawezaje kutofautisha kati ya Mungu anayekusukuma kwenda mahali pa kazi na watu wanaokusukuma uondoke?

JUMATANO
Aliyetupwa Nje ya Sinagogi

Soma Yohana 9:18–38. Wazazi wa kijana waliogopa nini? Yesu alifanya nini aliposikia kwamba mtu huyo ametolewa nje?

Mtu huyu alizaliwa kipofu. Yesu alimpaka tope machoni, akamtuma anawe katika birika ya Siloamu, akarudi anaona. Kwa kuwa ilikuwa Sabato, uponyaji wake ukageuka kuwa kesi. Mafarisayo walimhoji, wakawaita wazazi, wakamhoji tena. Wazazi walijua kwamba ni mtoto wao na kwamba alizaliwa kipofu. Lakini juu ya aliyemponya walijibu kwamba aulizwe mwenyewe, ni mtu mzima. Waliogopa kutengwa na sinagogi (fungu la 22).

Tusiwahukumu upesi. Sinagogi lilikuwa zaidi ya nyumba ya ibada. Palikuwa mahali pa kusomea, pa kuamulia mashauri, pa kujulikana kuwa mtu wa watu. Aliyetengwa alipoteza zaidi ya kiti cha siku ya Sabato.

Mwana hakuogopa. Alisema alilolijua: alikuwa kipofu, sasa anaona. Waliposhindwa na hoja zake, walimwambia kwamba amezaliwa katika dhambi, wakamtoa nje (fungu la 34). Hivi ndivyo kufukuza kunavyofanyika hoja zikiisha. Mtu hashindwi tena kwa jibu, bali kwa historia yake.

Fungu la 35 ndilo moyo wa habari hii. Yesu alisikia kwamba wamemtoa nje, akamkuta. Hakungoja mtu huyo aje na barua ya utambulisho. Habari ya kufukuzwa kwake ndiyo iliyomwongoza Yesu kumtafuta. Na huko nje, mbali na waliojiona walinzi wa ibada, ndiko mtu huyu alikomsujudia Bwana.

Sasa soma Yohana 10:1–5 bila kusimama. Mgawanyo wa sura uliwekwa karne nyingi baada ya Yohana kuandika. Kwake habari inaendelea. Katika fungu la 4 mchungaji huwatoa nje kondoo wake wote, kisha huwatangulia, nao humfuata kwa kuwa waijua sauti yake. Kitenzi ni ekballo. Mafarisayo walidhani wamemtupa mtu jalalani. Yohana anatuonyesha kwamba kondoo ametoka zizini na kumkuta Mchungaji amesimama mlangoni, tayari kumtangulia kwenda malishoni.

Ikiwa Yesu huenda kuwatafuta waliotolewa nje, sisi tunaobaki ndani tunapaswa kujiuliza nini?

ALHAMISI
Diotrefe na Kanisa

Soma 3 Yohana 9–12. Diotrefe alifanya mambo gani? Yalianzia wapi?

Yohana anamwandikia Gayo juu ya kiongozi aliyependa kuwa wa kwanza. Matendo yake yanafuatana kama ngazi. Alisema maneno mabaya juu ya mitume. Aliwakataa ndugu wasafiri. Aliwazuia waliotaka kuwapokea. Mwisho aliwatoa watu kanisani, na Yohana anatumia ekballo, neno lilelile lililotumika juu ya kipofu aliyeponywa. Safari hii mfukuzaji hayuko katika sinagogi la wapinzani. Amekaa mbele, ndani ya kanisa la Kristo.

Je, basi kanisa lisimrudi mtu yeyote? Soma Mathayo 18:15–17 na 2 Wakorintho 2:5–8. Hatua za kumrudi mkosaji zinapaswa kufanyika kwa lengo gani?

Kristo aliagiza hatua: kwanza wawili faraghani, kisha mashahidi, kisha kanisa. Paulo aliwaagiza Wakorintho wamwondoe mtu aliyeishi katika dhambi ya wazi (1 Kor 5), na hakutumia kitenzi cha Diotrefe. Baadaye, juu ya mtu aliyeadhibiwa na wengi, aliwasihi wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni. Marudi ya kikristo yana mlango wa kurudia. Kufukuza kwa Diotrefe hakukuwa na mlango.

Kanuni ya Kanisa inalinda jambo hili. Mchungaji peke yake hana mamlaka ya kumwondoa mshiriki, wala mzee wa kanisa, wala baraza. Baraza hupendekeza, kura hupigwa na washiriki katika mkutano wa kanisa ulioitishwa ipasavyo. Mhusika ana haki ya kupewa taarifa mapema na kusikilizwa. Wala mtu asiondolewe kwa sababu ameshindwa kutoa michango.

Lakini kuna kufukuza ambako hakuna kanuni inayoweza kukuzuia. Fikiria binti wa kwaya aliyepata mimba kabla ya ndoa. Sabato ya kwanza sare yake ilipewa mwingine. Sabato ya pili watu walisogea kidogo kwenye benchi. Akina mama waliokuwa wakimwita "mwanangu" sasa walimsalimia kwa kichwa. Darasani mwalimu aliendelea kuita jina lake kwenye kadi kwa majuma machache, kisha akaliruka. Baraza halikukaa. Hakuna kura iliyopigwa. Katika kitabu cha washiriki jina lake bado lipo. Naye amekwisha kuondoka, mtoto yuko mgongoni, na hakuna mtu kanisani anayeweza kukumbuka ni nani aliyemfukuza.

Akufukuzaye hakwambii toka.

Wahenga hao hao walisema pia kwamba mtoto akinyea kiganja, kiganja hakikatwi. Huoshwa.

Ni ishara zipi ndogo ambazo kanisa lako linaweza kuwa linazitumia kumwambia mtu "toka" bila kutamka neno?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma tena Yohana 9 na 10, pamoja na sura zinazoeleza mafungu hayo katika kitabu cha Ellen G. White, Tumaini la Vizazi Vyote.

Je, Yesu hafukuzi kamwe? Injili zinaonyesha kwamba hufukuza. Aliwatoa wachuuzi hekaluni, ili nyumba ya Baba yake iwe na nafasi kwa wanaoomba. Aliwatoa waliomcheka nyumbani kwa Yairo, kisha akamwinua binti (Mk 5:40–42). Alitoa pepo, na watu wakabaki wakiwa na akili zao. Anatuagiza tutoe kwanza boriti katika jicho letu (Mt 7:5), na hapo pia ni ekballo. Alichokifukuza kilikuwa kinamzuia mtu asimfikie Mungu.

Naye alikubali kufukuzwa. Watu wa Nazareti, mji aliolelewa, walimtoa nje ya mji (Lk 4:29). Katika mfano wake, wakulima walimwua mwana wakamtupa nje ya shamba (Mk 12:8). Waebrania 13:12 unatukumbusha kwamba aliteswa nje ya lango. Alisimama mahali pa waliotupwa ili waliotupwa wapate mahali.

Katika Yohana 12:31, 32 mambo mawili yanatokea msalabani. Mkuu wa ulimwengu huu anatupwa nje, na Kristo aliyeinuliwa anawavuta watu wote kwake. Anayestahili kutupwa ametajwa. Wengine wote wanavutwa.

Hata hivyo Yesu alisema pia juu ya giza la nje (Mt 8:12, 22:13), na kitenzi ni hichohicho. Maonyo hayo aliyatoa kwa waliojiona wenyeji, waliodhani nafasi yao mezani ni haki yao ya kuzaliwa. Ahadi ya Yohana 6:37 ni ya yule anayekuja. Mlango wa rehema haujafungwa, lakini mtu anaweza kukaa karibu nao maisha yake yote bila kuingia, huku akiwazuia wengine. Siku ya hukumu itaonyesha nani alikuwa ndani kweli. Hatukupewa sisi kazi ya kulitangulia jambo hilo.

Maswali ya Kujadili:

1. Linganisha Mungu katika Mwanzo 3, ndugu zake Yeftha, na Diotrefe. Wote walifukuza. Tofauti kati yao iko wapi?

2. Washiriki wengine husema kwamba kumpokea mkosaji kwa upole kutawafundisha vijana kuidharau dhambi. Wengine husema kwamba ukali huwapoteza haohao vijana. Paulo aliyashika vipi yote mawili, 1 Wakorintho 5 na 2 Wakorintho 2?

3. Mshiriki anasema, "Mimi sikumfukuza mtu, aliondoka mwenyewe." Mngemjibu nini mkitumia Waamuzi 11:7?

4. Chukueni kadi ya darasa lenu ya mwaka uliopita. Yako majina ambayo hayasomwi tena? Chagueni moja. Watu wawili waende kumtembelea kabla ya Sabato ijayo. Wasiende kumhoji, wala wasibebe ujumbe wa baraza. Wakae, wale kinachopikwa, wambebe mtoto kama yupo, waombe, na wamwambie kwamba nafasi yake darasani bado ni yake. Sabato ijayo, jina lake liitwe tena.